Eda ya Programu na Sentensi Niliyoikata

Habari ilinikuta sokoni Wete, pweza mkavu mkono mmoja, simu mkono mwengine. Ujumbe wenyewe ulikuwa wa mistari miwili: fundi wa Gombani amefariki alfajiri kwa maradhi ya moyo, anazikwa kwao Chokocho baada ya sala ya adhuhuri. Nilimrudishia muuzaji pweza wake. "Umeghairi?" akaniuliza. Nikamwambia nimefiwa. "Pole. Nani wako?" Hakuwa ndugu yangu, wala hakuwa rafiki wa kula naye sahani moja. Nilimjua kwa miaka michache tu, na katika sehemu kubwa ya mazungumzo yetu yeye alikuwa ameelekeza uso kwenye kioo cha kompyuta, akinijibu kwa mgongo. Nikamwambia muuzaji, "Ni mtu niliyemwandika gazetini." Akanitazama kama mtu aliyejibiwa swali jengine, akampanga pweza mahali pake. Lakini nilikuwa nimesema kweli, na leo nataka kuwaeleza wasomaji wa safu hii kwa nini kweli hiyo inaniuma.

Kutoka Wete hadi Chokocho ni kukiteremka karibu kisiwa chote, na nilifika jeneza likiwa limeshabebwa. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Walikuwapo wavuvi wa kwao, watu aliosoma nao skuli, wauguzi wawili waliokuja na sare zao za kazini, na alikuwapo katibu wa jumuiya iliyomwachisha kazi, kavaa kanzu safi, analia kwa dhati. Nilisimama nyuma kidogo ya kaburi. Mbele yangu walikuwapo wanaume wawili wa makamo, na mmoja alimuuliza mwenzake kwa sauti ya chini, "Huyu ndiye aliyeliua daftari la damu?" Mwenzake akajibu, "Ndiye. Alikaa anasubiri mwezi." "Mwezi upi?" "Mwezi wa mbinguni, yakhe. Programu anaingojea mwezi uandame." "Mtu mzima?" "Mtu mzima na vyeti vyake." Kisha wa kwanza akasema, "Mungu amrehemu, lakini huo ni uzembe," na wa pili akamkumbusha kwamba maiti hasemwi, naye akajitetea, "Simsemi, nauliza." Nilitupa mafumba yangu matatu ya udongo, nikaitikia dua, nikaondoka. Nilikuwa na jibu la swali lao na sikulitoa. Nalitoa hapa, na nimelichelewesha kama nilivyochelewesha mengine.

Daftari la damu si daftari. Ni mfumo wa kompyuta ulioandikwa na marehemu kwa ajili ya jumuiya moja ya hiari yenye afisi yake Chake Chake. Ndani yake mna majina ya watu wa kisiwa hiki waliokubali kutoa damu: anapokaa mtu, kundi la damu yake, na namba yake ya simu. Mama akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, muuguzi wa zamu huandika kundi linalotakiwa, na papo hapo hulia simu za watu wenye damu hiyo wanaokaa karibu. Kabla ya hapo ndugu wa mgonjwa walikuwa wakipiga simu kwa kubahatisha, wakimuuliza kila mtu damu yake ni kundi gani, na wengi hawajui. Baada ya hapo mtu alikuwa akiweza kuacha kahawa yake nusu kikombe barazani, akaenda kujilaza kitandani, na kurudi kabla wenziwe hawajamaliza mabishano ya mpira. Kazi hiyo alikuwa akiifanya katika chumba kimoja chenye dirisha moja, na mshahara wake haukuwa wa kumfanya mtu amuonee choyo.

Nilimfahamu kwa shida yangu mwenyewe. Asubuhi moja kompyuta yangu iliniuliza kama nataka programu yangu ya kuandikia iwe mpya zaidi, nami nikakubali kama mtu anavyokubali chai. Iliporudi, riwaya niliyokuwa nimeiandika kwa miaka miwili haikufunguka. Niliambiwa yupo mtu Gombani. Nilipofika alikuwa anakula muhogo wa nazi juu ya meza ya kazi, kibodi kaisogeza pembeni kwa heshima. "Ulibonyeza nini?" akaniuliza. Nikamwambia iliniuliza, nikakubali. "Ilikuuliza mara ngapi?" "Mara moja." Akatafuna kwanza. "Mara moja tu ukakubali. Hata mposaji huambiwa arudi wiki ijayo." Aliifungua riwaya yangu baada ya saa mbili, akanikabidhi bila ya kuisoma hata ukurasa, akasema, "Chako hiki. Mimi kwangu toleo jipya la kitu chochote hukaa eda kwanza, kama mke aliyeachwa."

Nilidhani ni mzaha, akanieleza. Watu wengi, na mimi nikiwamo, tunadhani programu hutungwa na mtu mmoja aliyekaa peke yake, kama mwandishi na kitabu chake. Sivyo. Programu ni kama shughuli ya harusi mtaani: sufuria kubwa la huyu, majamvi ya yule, sinia za nyumba ya tatu. Ndani ya daftari la damu mlikuwa na vifurushi vingi vilivyoandikwa na watu asiowajua, wa nchi ambazo hatazikanyaga, waliovitoa bure kwa yeyote anayetaka kuvitumia. Kimoja kazi yake kupanga majina, kimoja kusafirisha ujumbe wa simu, kimoja kukagua nywila mlangoni. Na wenyewe hawakai kimya, kila baada ya muda hutoa toleo jipya. "Sasa toleo hilo limetoka kwa mtu mwengine," akaniambia, "na mimi sijui limebeba nini tumboni. Basi nalisubiri mwezi mmoja, kutoka kuandama hadi kuandama. Nalifungia katika kompyuta ile ya pembeni, nalitazama, nawatazama waliolikimbilia duniani wanalia au wanacheka. Kama lina mimba, itaonekana." Nikamwambia mbona eda ya binadamu ni miezi na yake ni mwezi mmoja. Akanijibu bila ya kucheka, "Programu mimba zake fupi."

Nikamuuliza, kama mgeni ana hatari hivyo, kwa nini asibaki na toleo la zamani maisha yake yote. Hilo lilimfanya ageuke, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "La zamani nalo huoza," akasema. "Huoza bila ya harufu. Mwenye kifurushi akishaendelea mbele hakurudii tena ulipo. Ukikaa miaka ukasema mimi changu kinafanya kazi, siku utakayolazimika kuhama utahama nyumba nzima badala ya chumba kimoja. Wanaokimbilia na wanaokataa ni watu wa aina moja, wote hawataki kutazama." Nimeandika maneno haya kama alivyoyasema kwa sababu nimegundua kwamba wengi wanaomsema leo wanadhani alikuwa adui wa vitu vipya. Alikuwa akiingiza vitu vipya kila mwezi. Alikuwa anataka kwanza kuviona machoni.

Hazikupita siku nyingi nikajua thamani ya mwezi wake. Kilikuwamo kifurushi kidogo ambacho kazi yake yote ilikuwa kuzipanga namba za simu ziwe na sura moja, kitu ambacho mimi na wewe tusingedhani kina jina. Mwenyewe, aliye mbali huko, aliibiwa funguo zake, na mwizi akatoa toleo jipya kwa jina la mwenyewe. Nje lilikuwa lile lile, ndani lilikuwa na mdokozi anayebeba nywila za kila nyumba iliyomkaribisha. Afisi nyingi duniani zililipokea siku ile ile, kwa kuwa mashine zao zilikuwa zimeamrishwa kupokea. Daftari la damu halikuguswa. Toleo lile lilikuwa katika kompyuta ya pembeni, siku ya tano ya eda yake. Nilimkuta asubuhi barazani kwa muuza kahawa, wenziwe wanabishana. Aliponiona akasema neno moja, "Limezaa." Nikauliza nini. "Nyoka," akasema, "na sisi hatujamwoa mama yake." Mzee mmoja pale barazani akamuuliza, "Fundi, wewe kwenu kompyuta zinaolewa?" Akamjibu, "Na kuachwa, mzee wangu. Tena huachwa sana."

Nani angeyasikia hayo na asiyaandike? Niliandika. Niliandika makala katika safu hii hii, nikaielezea kompyuta ya pembeni kama mwanamke aliyekaa nyuma ya pazia, nikausifu mwezi unaoandama juu ya minazi ya Gombani wakati dunia nzima inakimbia. Kabla ya kuituma nilimsomea. Alisikiliza akiwa amenipa mgongo kama kawaida yake, kisha akasema, "Nzuri. Lakini ongeza na hili. Toleo lililokuja kuziba tundu lililokwisha kutangazwa halikai eda. Lijaribiwe asubuhi, liingie jioni. Maana tangazo la tundu husomwa na mwenye nyumba na mwizi siku moja." Nikaongeza. Nilipofika nyumbani nikaisoma makala kwa sauti, na pale penye sentensi yake ulimi ukajikwaa. Makala ilikuwa ikipanda taratibu kufikia mwisho wake, na sentensi ile ilikuwa kama mtu anayekohoa katikati ya maulidi. Nikaikata. Nikamalizia kwa maneno yangu: kila kigeni na kikae eda. Nilijisikia fundi.

Makala ilipendwa. Watu walinisimamisha njiani kunitajia maneno ya mwisho. Katibu wa jumuiya, mtu mwema anayependa mambo yawe na utaratibu, aliikata gazetini, akaitia fremu yenye kioo na kuitundika ukutani mwa chumba cha mikutano. Haikumtosha. Aliandika kanuni kwa mashine, mstari mmoja tu, kwamba hakuna toleo jipya la kifurushi chochote litakaloingizwa kabla ya kukamilika mwezi mmoja wa kuandama, akaigonga muhuri, akampa marehemu aitie saini. Marehemu akamwambia kuna vighairi. Katibu akamwambia, kwa furaha, "Fundi, usijipunguzie sifa. Wewe mwenyewe umesema, gazeti limeandika." Marehemu akatia saini. Baadaye aliniambia, "Umenifanyia jambo zuri, mwandishi, lakini umenijengea nyumba isiyo na mlango wa uani." Akaniomba niandike japo aya moja katika safu nyengine, nitaje lile la tundu. Nilimwambia wiki ijayo. Nilikuwa na riwaya ya kusahihisha, na ukweli wenyewe, nilikuwa naona makala imeshakamilika na kuirudia ni kuichafua. Wiki ijayo ikawa na wiki ijayo yake. Hakunikumbusha zaidi ya mara mbili. Alikuwa mtu wa haya.

Likatangazwa tundu. Safari hii lilikuwa katika kile kifurushi cha mlangoni kinachokagua nywila, na walioliandika tangazo walikwisha kulitibu: toleo jipya lipo, lichukueni leo. Marehemu alilijaribu katika kompyuta ya pembeni tangu asubuhi hadi adhuhuri, akaona halivunji kitu, akaandika barua ya maombi kwa kamati. Yaliyosemwa katika kikao nimeyapata kwa watu wawili waliokuwamo, na maneno yao hayapishani. Katibu alimuuliza, "Hili ni toleo jipya au si jipya?" Akajibu ni jipya. "Limemaliza mwezi?" Akajibu limetoka jana, siku mwezi ulipoandama. Mjumbe mmoja akacheka, "Fundi, sisi ulitufundisha kusubiri mpaka tukazoea. Leo wewe una haraka ya wapi?" Akawaambia eda ni ya mgeni asiyejulikana, na hili ni kufuli la mlango ambalo dunia nzima imeambiwa ni bovu. Mjumbe yule akasema, "Kila mgeni hujisema yeye ni kufuli." Wakacheka wote. Marehemu akajaribu mara ya mwisho. Akawaambia hata eda yenyewe katika sheria haiko aina moja: mjamzito ana yake, mfiwa ana yake, na yupo asiyekuwa nayo kabisa, naye ni aliyeachwa kabla hajakaa na mume. Pengine angeshinda. Lakini katibu alinyanyuka, akakisogelea kile kioo ukutani, akaweka kidole juu ya mstari wa mwisho na kuusoma kwa sauti: kila kigeni na kikae eda. "Hapa sioni isipokuwa," akasema. Ndiyo, haikuwapo. Nilikuwa nimeikata.

Nilimuuliza baadaye kwa nini hakuliingiza kimya kimya, na funguo zote anazo yeye. Alinijibu kwamba amri aliyoitia saini mwenyewe akiivunja kwa sababu yeye ana haki, atakuja mwengine aivunje kwa sababu anadhani ana haki, na watakaokuwa kitandani hawatajua tofauti. Sikubaliani naye hadi leo. Nadhani angeivunja. Lakini mimi ni nani wa kumtaka mtu aivunje fremu niliyomtilia mimi picha? Alikaa akizihesabu siku. Jioni ya siku ya ishirini na tisa mbingu ilikuwa na mawingu kutoka pembe hadi pembe, na mwezi haukuonekana hapa. Asubuhi mjumbe mmoja akaja na habari kuwa Tanga umeonekana. Katibu akasema Tanga ni Tanga, sisi tunafuata mwezi tunaouona, tutakamilisha thelathini. Katika afisi ya watu wanaobishana kila mwaka juu ya mfungo, neno hilo halikumshangaza yeyote. Marehemu, aliyeuchagua mwezi wa kuandama kwa sababu tu ni rahisi kuukumbuka, alirudi chumbani kwake akakaa mbele ya kompyuta ya pembeni. Toleo lilikuwa humo, limeshajaribiwa, linangoja kubonyezwa. Siku hiyo hiyo ya thelathini, kabla ya saa sita za mchana, daftari la damu liliingiliwa kwa tundu lile lile lililotangazwa, na majina yote yakageuka herufi zisizosomeka.

Nakala ya akiba ilikuwapo, kwa kuwa marehemu hakuwa mzembe. Kuirudisha na kuhakikisha mwizi hakuacha mtu ndani kulichukua siku mbili. Katika siku ya kwanza kati ya mbili hizo aliletwa hospitali mama kijana, mzazi wa mara ya kwanza, damu haisimami, na kundi lake ni lile lisilopatikana ovyo. Muuguzi aliandika kundi kwa mazoea na hakuna simu iliyolia. Wakapiga kwa kubahatisha kama zamani, vipaza sauti vya misikiti vikatangaza, watu wakaja wengi kwa mapenzi yao, na damu zao hazikufaa. Aliyefaa alipatikana alasiri, mkulima, alikuwa shambani na simu yake mfukoni siku nzima. Kwa wakati huo madaktari walishafanya waliloweza kuokoa maisha: walimtoa kizazi. Mama yuko hai na mtoto yuko hai, na hatakuwa na mwengine. Marehemu alikwenda kumtazama. Alirudi akaniambia, "Nilimpa pole, akanishukuru kwa kuja. Hakujua mimi nani."

Barua ya kumwachisha kazi ilisema ameachishwa kwa kuchelewa kuchukua hatua. Nimeisoma kwa macho yangu, na tarehe ya barua yake ya maombi ni ya mwezi mzima kabla. Aliajiriwa fundi mwengine, kijana mwenye maneno mepesi, akaamrisha mashine ijipokelee yenyewe kila toleo jipya la kila kifurushi kila siku asubuhi. Fremu iliteremshwa na nafasi yake likawekwa tangazo kwamba mfumo huu ni mpya kila siku. Katibu akawaambia watu, "Sasa tuko kisasa." Walichofanya ni kutoka ukuta mmoja wa chumba na kwenda kujigonga wa pili. Asubuhi moja toleo jipya la kile kifurushi cha kutuma ujumbe lilibadilisha namna ya kusoma orodha, na simu zikalia Chokocho nzima hadi Gombani, za makundi yote ya damu, watu wakaitwa kwa mgonjwa asiyekuwapo. Wakaja, wakarudi, wakaudhika. Ikatokea tena. Siku hizi simu ikilia wengi huitazama na kuirudisha mfukoni, na hilo hakuna nakala ya akiba inayolirudisha. Miongoni mwa walioitwa safari ya kwanza alikuwapo marehemu, naye jina lake limo daftarini kama mtu mwengine yeyote. Alikwenda hadi hospitali, akakunja mkono wa shati, akaambiwa hapana mgonjwa. Mmoja wa wauguzi alimtambua, akainamisha uso. Nilimuuliza alijisikiaje. Akasema, "Nilifurahi kuitwa."

Siku ya tatu ya msiba nilikwenda nyumbani kwake Gombani kwa hitima. Baada ya watu kutawanyika shemeji yake aliniita barazani ndani, akaniketisha karibu na pazia, akasema dada yake ana neno na mimi. Mjane alikuwa upande wa pili, kakaa eda. Nilisikia sauti tu. "Wewe ndiye mwandishi?" Nikamwambia ndiye mimi, Bi. "Mwenyewe alisema utakuja. Chukua." Mkono wa shemeji ukapokea karatasi chini ya pazia na kunipa. Ilikuwa nakala ya ile barua ya maombi, na nyuma yake, kwa kalamu, aliandika kanuni kama alivyotaka iandikwe tangu mwanzo. Nikamuuliza mjane kama mumewe alikuwa amenikasirikia. "Hakukasirika," akasema. "Alisema waandishi hupenda sentensi fupi." Kisha akaongeza, kwa upole ulionikata kuliko kama angenitukana, "Mimi nilikasirika. Mungu anisamehe, bado sijamaliza."

Basi nainakili hapa, kwa urefu wake, na msomaji ajikwae kama nilivyojikwaa mimi. Toleo jipya lisilo na sababu ila upya wake, likae mwezi. Toleo lililokuja kuziba tundu lililotangazwa, lisikae: lijaribiwe asubuhi, liingie jioni. Toleo linalobadilisha umbo la kitu, likae zaidi ya mwezi, na mtu alitazame, wala mashine isiachiwe peke yake. La zamani lisiachwe likazeeka hadi likawa haliwezekani kuhamwa. Na anayejua tofauti ya hayo manne apewe ruhusa ya kuamua siku hiyo hiyo, kisha aulizwe. Mistari mitano ya kalamu ya wino, haina mdundo wowote. Ingetosha katika nafasi niliyoipa minazi na mwezi.

Nimejifunza kwa gharama ya mtu mwengine, na ndiyo namna mbaya kuliko zote ya kujifunza. Jamii yetu hupenda kanuni iliyokatwa vizuri, ya kuning'inizwa, na hupenda vivyo hivyo kuitupa nzima inapoumiza na kutundika kinyume chake. Katika kutundika kote huko, kazi ya kutazama kitu kimoja kimoja na kuuliza hiki ni kipi haina wa kuifanya, na anayeifanya tunamwita mwoga leo na mzembe kesho. Ninyi mliouliza Chokocho mbele yangu bila ya kunijua: hakuwa anasubiri mwezi. Sisi ndio tuliomfunga asubiri, na kamba niliisokota mimi, nikaisifia ulaini wake. Yule mama kijana nimeshajua anakokaa. Nitakwenda kumwambia mimi nani, kabla kizuka wa Gombani, mjane wa fundi, hajatoka eda.